Vimiminika vya ioni kwenye vihisi: anza na unyevu

Wadogo zangu mnaosoma kemia hapa visiwani huniuliza sana: ni kweli vimiminika vya ioni vinaifanya elektrodi ya kaboni, yaani ile ncha ya kihisi inayopokea na kupitisha umeme, iwe hodari zaidi? Ni kweli. Lakini maelekezo mengi mnayoyasoma yameandikwa na watu wanaofanya kazi kwenye hewa kavu, na sisi tuko Unguja, ambako masika hata ukuta hutoka jasho. Ndiyo maana mimi naanzia kwenye unyevu.

Vimiminika hivi ni chumvi, ila ni chumvi zinazoyeyuka chini ya nyuzi joto 100 za Selsiasi. Vinapitisha umeme na karibu havivukizi kabisa. Mwaka 2006 watafiti wa Iran walitoa mafuta ya parafini yanayoshikanisha unga kwenye rojo la grafiti (aina ya kaboni), wakaweka kimojawapo cha vimiminika hivi, oktilipiridiniamu heksaflorofosfeti, na elektroni zikawa zinapita kwa wepesi mno. Elektrodi ya aina hiyo ndiyo ninayoitumia kupimia eujenoli, kiini cha harufu ya karafuu, kwenye mafuta ya karafuu na ya makonyo (vikonyo vyake) yanayotoka Pemba. Eujenoli ikifika kwenye kaboni yenye volti ya kutosha hutoa elektroni, mkondo unapanda, na urefu wa kilele chake kwenye grafu unakwambia imo kiasi gani.

Kila chumvi ina ioni chanya na ioni hasi; chagua kwanza ioni hasi, mfano BF4, PF6 (ndiyo heksaflorofosfeti) au NTf2. Yenye BF4 huyeyuka majini, kwa hiyo itaihama elektrodi yako na kuingia kwenye bika, chombo chenye maji unayopimia. PF6 na NTf2 hazichanganyiki na maji kirahisi. Ila PF6 ikikutana na maji na joto hutoa asidi hidrofloriki, asidi inayokula kioo na kupenya ngozi mpaka kwenye mfupa. Na hiyo chumvi ya oktilipiridiniamu inabidi uipashe hadi kama nyuzi 65 ndipo iyeyuke. Basi ikaushe kwanza kwenye ombwe, ihifadhi ndani ya desiketa (chombo kisichoingiza unyevu), na uipashe chini ya kofia ya kufyonzea hewa. Chupa isiachwe wazi hata dakika moja wakati unatafuta kijiko.

Utasema: elektrodi yenyewe si itatumbukizwa majini? Itatumbukizwa, ndiyo. Lakini chumvi iliyonyonya maji inakudanganya kwenye mizani: unadhani umepima chumvi, kumbe umepima na maji ndani yake, na rojo la leo halilingani na la wiki ijayo. Kwenye vihisi vya gesi, ambako kimiminika chenyewe ndicho kinachobeba ioni, hali ni ngumu zaidi. Maji hupunguza mnato, hubadilisha kasi ya molekuli kusafiri, na hufinya upana wa volti unazoweza kutumia. Kihisi kilichosawazishwa kiangazi hakitasema kweli masika.

Kwa rojo, naanza na sehemu 7 za unga wa grafiti kwa 3 za chumvi, nasaga kwenye kinu kidogo mpaka unga usionekane mkavu popote, napasha, nashindilia ndani ya mrija wenye waya wa shaba, kisha nasugua uso wake kwenye karatasi laini mpaka ung'ae. Msizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo nguvu. Ikizidi, mkondo wa chinichini, ule uliopo hata bila eujenoli, unavimba na kilele kidogo kinamezwa. Pimeni kwanza kwa potasiamu ferisianidi, chumvi ya majaribio: umbali kati ya vilele viwili, cha volti ikipanda na cha ikishuka, ukikaribia milivolti 60, rojo limekaa vizuri.

Eujenoli ni jamii ya fenoli, na ikishatoa elektroni hujiunga na kuacha utando juu ya kaboni. Kilele cha pili kitakuwa kifupi kuliko cha kwanza hata kama hujagusa kitu. Sukuma rojo nje kidogo, kata, sugua upya, kila kipimo. Huu ndio uzuri wa rojo, na sioni sababu ya kuuonea uvivu.

Kuhusu kloridi, uchafu uliobaki ndani ya chumvi tangu kiwandani: tikisa chumvi kidogo na maji yaliyokenekwa, dondoshea nitrati ya fedha kwenye maji hayo. Yakiwa meupe kama tui, chumvi haijasafishwa vya kutosha.

Na msiamini kila anayeviita rafiki wa mazingira eti kwa sababu havina mvuke. Vyenye mnyororo mrefu wa kaboni ni sumu kwa viumbe vya majini, na sinki zetu nyingi mwisho wake ni bahari. Mabaki yangu yote, pamoja na maji ya kusuuzia, yanakwenda kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko na lebo. Ya kioo siiwekei chochote chenye PF6.