Maswali ya wasomaji: kalipa za pistoni 4, pedali laini na usukani unaotikisika

Assalaamu alaykum mafundi. Nina Subaru Forester ya tabo ya 2004, rimu za inchi 16, na kalipa za mbele (vibanio vinavyobana pedi za breki kwenye diski) ni zile za pistoni 2. Nimepata kalipa za pistoni 4 zilizotoka kwenye Impreza WRX na nataka kuzifunga mwenyewe nyumbani. Gari itasimama kwa masafa mafupi zaidi? Na nijitayarishe na nini? — Msomaji wa Mwanakwerekwe, Unguja

Waalaykumu salaam ndugu yetu. Tuanze na hilo la masafa, maana ndilo linalowapotosha wengi. Kinachosimamisha gari ni tairi inavyoishika lami. Ikiwa unakanyaga kwa nguvu kwenye mwendo wa 80 na pedali inatetema kwa sababu ABS (mtambo unaozuia magurudumu yasifunge) imeingia kazini, basi breki ulizonazo tayari zina nguvu kuliko tairi, na kalipa mpya hazitakupunguzia hata mita moja ukisimama mara moja. Wala pistoni 4 si nguvu mara mbili ya pistoni 2. Kalipa yako ya sasa inateleza kwenye pini zake: pistoni zikisukuma pedi ya ndani, mwili wa kalipa unaivuta ya nje kwa nguvu ileile.

Utakachopata ni kalipa isiyotanuka kirahisi, pedi inayobanwa sawasawa, na pedali inayotii mguu. Joto ni habari nyingine. Forester na dereva wake, tuseme kilo 1,500, ikisimama kutoka mwendo wa 100 inageuza mbio zake kuwa joto la takriban kilojuli 580, linalotosha kuchemsha karibu lita 2 za maji ya bomba. Mara moja si kitu. Mara sita mfululizo, pedi za kawaida zinaanza kuteleza na mafuta ya breki yaliyozeeka yanachemka. Na kalipa hizi zinatumia diski ya kipimo kilekile, kwa hiyo chuma cha kubeba joto hakijaongezeka. Ndiyo maana tunakuomba fedha ya mwanzo uitie kwenye pedi nzuri na mafuta mapya, kisha kalipa.

Kabla hujafungua chochote, pima diski. Iwe na kipenyo cha milimita 294 na unene wa 24. Ziko Forester zenye diski ya 277, na hizo kalipa hizi hazikai mpaka diski zibadilishwe. Ikiwa imeliwa unene ukafika chini ya milimita 22, itupe. Halafu ifunge kalipa moja kwa muda, vesha rimu bila ya tairi na uizungushe kwa mkono, maana si kila rimu ya inchi 16 inapisha mgongo wa kalipa hii. Bakisha nafasi ya milimita 3 kwa uchache.

Vya kununua: pedi za kalipa ya pistoni 4 (zako za zamani hazifai, umbo ni jingine), pini na springi zake, sili 8 (pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje) na vipira vya vumbi 8 kwa kalipa mbili, washa mpya 4 za shaba za mpira wa breki (bomba laini linalopeleka mafuta kwenye kalipa), na lita 1 ya mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 ambayo kopo lake halijafunguliwa. Hili la kopo ni muhimu kwetu visiwani. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango chake kinashuka hadi 155. Kopo lililokaa nusu stoo tangu Ramadhani iliyopita si la kumwagia kwenye gari yenye mbio.

Kazi yenyewe haina ufundi wa siri. Uwanja ukiwa wa mchanga, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, na usiingize mkono gari ikiwa juu ya jeki peke yake. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Fungua boli mbili zinazoshika braketi ya kalipa kwenye chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu). Kalipa na braketi yake vinatoka pamoja. Usiiache ining'inie kwa mpira wa breki, ifunge kwa waya kwenye springi. Mpira wenyewe ufungue mwisho kabisa, kalipa mpya ikiwa tayari pembeni, ili mafuta yasimwagike yote: kisima cha masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) kikikauka, upepo unaingia kwenye mtambo wa ABS na kuutoa kunaweza kuhitaji mashine. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji papo hapo, kwani yanaibambua.

Boli za kalipa kaza kwa Nm 80 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), boli ya mpira kwa Nm 18 na washa mpya pande zote mbili, nipeli (skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa) kwa Nm 8 tu. Nipeli ndizo zinazokatika sana, kwa sababu watu wanazikaza kama nati za gurudumu. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uangalie mpira hauvutiki wala haugusi tairi.

Katika kutoa upepo, msaidizi akanyage polepole, na weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni. Kwenye gari ya umri huu, sehemu ya ndani ya masta silinda ambayo haitumiki kila siku huwa na kutu, na sili ikipita hapo inakwaruzika. Anza mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, umalizie nyuma kulia. Ukimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa gari ikiwa imesimama mpaka iwe ngumu. Pistoni zimerudi ndani, na mguu wa kwanza utazama mtupu. Watu wamegonga ukuta wa nyumba yao kwa kulisahau hili.

Nimefunga kalipa za mtumba mbele kwenye Toyota Altezza. Tumetoa upepo mara nne, lita nzima imekwisha, na pedali bado laini kama sponji. Fundi anasema masta silinda imekufa. — Msomaji wa Wete, Pemba

Kabla ya kununua masta silinda, chutama mbele ya gurudumu utazame nipeli iko wapi. Ikiwa iko chini ya kalipa, basi ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia. Boli zinaingia vizuri na pedi zinakaa, hakuna kinachokustua. Lakini upepo unapanda juu na mlango wa kutokea uko chini, kwa hiyo mtamwaga mafuta safi na povu litabaki pale pale. Zibadilisheni pande, nipeli ikae juu, mchomeke mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha yake mkiizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Endeleeni mpaka visitoke viputo hata vile vidogo kama punje za mtama.

Masta silinda ina dalili yake. Pedali ikiwa laini lakini inapanda ukiikanyaga haraka haraka, huo ni upepo. Ikiwa ngumu kwanza, kisha ikazama taratibu chini ya mguu uliotulia na hakuna panapovuja, hapo fundi wako ana haki. Mpaka mlimalize hili, gari isitoke. Vilima vya Pemba si pa kujaribia pedali laini.

Nimetia diski na pedi mpya. Wiki mbili tu, usukani unatikisika nikikanyaga breki kwenye mwendo wa 80. Muuzaji anasema diski zimepinda. — Msomaji wa Jambiani

Diski kupinda kwa wiki mbili ni nadra. Gari inayolala karibu na bahari ina kutu kwenye uso wa habu, na diski mpya ikikalia gamba la kutu lenye unene wa karatasi, yaani sehemu ya kumi ya milimita, ukingoni inayumba kiasi cha mara mbili yake. Kila mzunguko pedi inagusa mahali pamoja, na pole pole diski inapata sehemu nene na nyembamba.

Toa diski, sugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, khasa kuzunguka mizizi ya boli. Irudishe, ibane kwa nati zote, pima kwa saa ya kupimia milimita 10 kutoka ukingoni. Ikiyumba chini ya milimita 0.05 umefaulu, ikizidi, isogeze tundu moja la boli upime tena. Nati za gurudumu kaza kwa spana ya mkono, kwa kuvuka upande wa pili kila mara. Bunduki ya upepo inakaza moja kupita kiasi na nyingine inaiacha.

Kisha zoesha pedi. Tafuta barabara tupu, si wakati watoto wanakwenda skuli: shuka kutoka 60 hadi 10 kwa mkanyago wa wastani, mara 8 hadi 10, bila ya kusimama kabisa. Baada ya hapo endesha dakika 10 bila ya kugusa breki kila ikiwezekana. Ukisimama na mguu juu ya pedali diski ikiwa moto, pedi inaacha alama yake pale, na mtikisiko unarudi.

Sili za kalipa nimeziosha kwa petroli, sasa haziingii kwenye mfereji wake. Na je, DOT 5 ni bora kuliko DOT 4? — Msomaji wa Mkoani

Sili hizo zimevimba, tupa, nunua nyingine. Petroli, mafuta ya taa na grisi ya kawaida vyote vinaharibu sehemu za mpira za breki. Oshea na kupaka mafuta safi ya breki. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na DOT 4 na haifai kwenye gari yenye ABS. Ukitaka kupanda daraja, tafuta 5.1, ambayo haichemki kabla ya nyuzi 260 ikiwa mpya na inachanganyika na DOT 4 bila ya tatizo.