Maswali ya Wasomaji: Paka na Nyasi Zake

Swali: Habari za kazi. Paka wangu wa kike ana miaka miwili. Tunakaa ghorofa ya tatu, hatoki nje ila nikimshusha mwenyewe. Akifika uani tu anakimbilia nyasi, anatafuna kwa pupa, na mara nyingine anazitapika zulini. Jirani anasema ana minyoo, shangazi anasema anajitibu tumbo. Nani mkweli? — Msomaji wa Upanga, Dar es Salaam

Jibu: Njema, dada. Kama anakula chakula chake, anacheza na choo chake ni cha kawaida, kula nyasi peke yake si dalili ya ugonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwauliza watu zaidi ya 1,000 wanaofuga paka. Asilimia 71 walikuwa wamemwona paka wao akila majani angalau mara sita, na asilimia 11 tu hawakuwahi kumwona hata mara moja. Karibu wote walisema paka alikuwa mzima kabla ya kula. Waliokuwa wakitapika mara kwa mara baadaye hawakufika nusu, kwa hiyo ile dhana kwamba paka hula nyasi *ili* atapike haina miguu.

Maelezo yenye nguvu zaidi ni ya urithi. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, mla panya na ndege, na mawindo hayo humjaza minyoo. Tumbo la paka haliwezi kumeng'enya nyuzi za majani. Nyuzi zinapita jinsi zilivyo, zinauchochea utumbo kusukuma, na minyoo inasukumwa nazo. Sokwe mtu wa Milima ya Mahale, kule Kigoma, hufanya jambo la jamii hiyo: humeza majani yenye vinyweleo bila kuyatafuna, yakatoka mazima pamoja na minyoo. Basi jirani yako amekaribia, ila ameingilia mlango wa nyuma. Huenda tabia ilianza kwa ajili ya minyoo, lakini paka wa leo anaifuata hata akiwa hana mnyoo hata mmoja.

Hilo lisikufanye uache dawa. Nyasi hazichukui nafasi ya dawa ya minyoo, ambayo kwa paka mkubwa hutolewa kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa kipimo cha uzito wake. Mpime kwanza: panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe uzito wa pili kwenye ule wa kwanza.

La kuangalia zaidi ni hizo nyasi za uani. Hujui nani kapuliza dawa ya mbu au ya magugu wiki iliyopita. Ni heri umpandie zake ndani.

Swali: Nipande nini, na vipi? Sina bustani, nina dirisha moja tu linalopata jua la asubuhi. — Msomaji wa Arusha

Jibu: Dirisha hilo linatosha. Panda ngano au shayiri. Usipande mtama, hata kama ndio ulio nao jikoni. Wafugaji wa ng'ombe wanajua sababu: mtama mchanga una kemikali inayogeuka sianidi ukitafunwa, na unapochipua ndipo sumu huwa kali zaidi.

Nunua punje nzima sokoni, kwa wauza nafaka. Ngano iliyokobolewa au kutwangwa, kama ile ya bokoboko, haioti kwa kuwa kiini kimeondoka. Na mbegu za duka la pembejeo zenye rangi ya waridi au kijani usiziguse kwa kazi hii: rangi hiyo ni alama ya dawa ya kuzuia ukungu.

Tafuta chombo kizito, kipana kama sentimita 15 na kina cha 8 hadi 10. Chungu cha udongo ni bora kuliko kopo la plastiki, maana paka hung'ata na kuvuta, na kopo jepesi litaanguka lote na udongo wake. Toboa matundu chini. Kwa chombo cha ukubwa huo chukua vijiko viwili hadi vitatu vya chakula vya punje, uzioshe, uziloweke usiku mmoja. Jaza udongo uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri, bila mbolea ya chumvichumvi na bila samadi mbichi. Tandaza punje ziwe karibu kugusana, tabaka moja tu, halafu funika kwa udongo mwembamba, nusu sentimita. Nyunyiza maji, weka kitambaa chenye unyevu juu, na mahali paka hafiki.

Vichipukizi vikitokeza, ondoa kitambaa na sogeza dirishani. Hapa wengi hukosa subira. Nyasi za sentimita tatu zina mizizi michanga, paka atang'oa bonge zima la udongo na kulila. Subiri zifike sentimita 10, ambazo kwa baridi ya Arusha ni siku 10 hadi 14. Siku ya kwanza mwachie dakika tano, kisha uondoe. Asipotapika, acha chombo wazi apite mwenyewe. Majani machache kwa siku yanamtosha. Ni kiungo tu, chakula chake kinabaki nyama na samaki.

Punguza kwa mkasi kila zikirefuka. Baada ya wiki mbili au tatu zitakuwa ngumu na za manjano, zitupe. Ukitaka zisikatike, panda chombo cha pili siku kumi baada ya cha kwanza.

Swali: Zangu zinaota kisha zinatoa pamba nyeupe chini na harufu mbaya. Nimejaribu mara mbili. — Msomaji wa Mombasa

Jibu: Hakikisha kwanza kama ni ukungu kweli. Mizizi ya ngano ina vinyweleo vyeupe vinavyofanana na ukungu, lakini huzunguka mzizi peke yake, havinuki, na ukivinyunyizia maji vinalala visionekane. Ukungu hutambaa kama utando kutoka punje hadi punje na hunuka uvundo. Wewe umetaja harufu, kwa hiyo ni ukungu. Tupa vyote na usijaribu kuosha.

Pwani kuna joto na unyevu, na ratiba ya Arusha haifai kwenu. Loweka saa sita hadi nane tu, maana usiku mzima maji huanza kuchacha. Okota punje zilizovunjika, hizo ndizo huoza kwanza. Kitambaa kiondoke mara vichipukizi vinapoonekana, siku ya pili au ya tatu. Baada ya hapo mwagilia asubuhi, kwenye udongo na siyo juu ya majani, na uguse kwa kidole kabla: ukiwa na unyevu, acha. Sahani ya chini isikae na maji. Nyasi zenu zitakuwa tayari kwa siku saba au nane.

Swali: Wangu anatafuna maua ya sebuleni na mchaichai wa baraza. Kuna hatari? — Msomaji wa Tanga

Jibu: Mchaichai hauui, lakini mafuta yake huchafua tumbo na makali ya majani hukwaruza. Mwondolee. Shubiri humtapisha na kumharisha, na utomvu wa mnyaa huunguza mdomo na macho. Oleanda ya uani, kile kichaka cha maua ya waridi au meupe, hushambulia moyo.

Ua la kuogopwa kuliko yote ni lili, lile kubwa la umbo la tarumbeta linalowekwa kwenye mashada ya harusi. Jani, chavua aliyojilamba manyoyani, hata maji ya chombo chake, vinatosha kuharibu figo. Atatapika saa chache za mwanzo, ataonekana amepata nafuu, kisha figo zinafeli ndani ya siku moja hadi tatu. Usingoje dalili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na uchukue kipande cha mmea.

Hata kwa nyasi salama kuna mambo mawili ya kumkimbiza kwa daktari. La kwanza ni chafya za ghafla mfululizo, kumeza-meza mate na kukohoa kama anakwamwa: jani linaweza kurudi nyuma ya kaakaa likanasa puani, na huondolewa paka akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Likichungulia puani au njia ya haja, usilivute kwa nguvu. La pili ni kutapika zaidi ya mara mbili kwa siku, kutapika damu, au kukataa chakula siku nzima. Paka asiyekula ini lake huharibika upesi, hasa akiwa mnene.