Ukichora mamluki, anza na mshahara wake

Kitabu changu cha kwanza cha katuni kilikuwa na kurasa 48, mamluki mmoja mwenye kovu shavuni, na helikopta tatu alizozitungua peke yake kabla ya chai ya saa nne. Nilimpa binamu yangu asome. Yeye ni mhasibu. Akafunua, akafunua, kisha akauliza, "Huyu bwana analipwa na nani? Na hizo roketi kanunua kwa hela ya nani?"

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikachonga penseli.

Aliyenifungua macho zaidi ni Kaoru Shintani, Mjapani aliyeanza kuchora katuni ya Area 88 mwaka 1979. Fujo imo tele: marubani wa kukodiwa, jangwa, ufalme wa kubuni uitwao Asran. Lakini kila rubani anajinunulia ndege na makombora kwa mzee McCoy, na anayetaka kuondoka sharti atumikie miaka mitatu au alipe dola milioni 1.5. Kombora la rubani Shin Kazama, mhusika mkuu, likikosa shabaha, wewe msomaji unaumia mfukoni.

Kwa hiyo milipuko usiipunguze, ikiwezekana iongeze. Ila kabla ya ukurasa wa kwanza andika mamluki wako kakodiwa na nani, kwa kiasi gani, na nani atamdhulumu. Wangu nilimpa hela ya roketi mbili tu. Helikopta ya tatu ikabaki angani, na hadithi ikapata pa kwenda.

Halafu soma habari za mamluki wa kweli. Novemba 1981 Mike Hoare, yule aliyepigana na waasi walioitwa Simba kule Kongo miaka ya 60, alitua Shelisheli na watu zaidi ya arobaini, wakijifanya chama cha wanywa bia. Mabegi yalikuwa na vitu vya watoto vya kuchezea juu, bunduki chini. Ofisa wa forodha akafungua begi moja, bunduki ikaonekana, risasi zikarindima uwanja mzima. Waliishia kuiteka ndege ya Air India na kukimbilia Durban. Ningeyachora hayo mimi, mngesema nimetia chumvi.

Na kilichowaponza ni mzigo! Siku hizi mamluki wangu namchorea begi kwanza, uso baadaye.