Mshahara umepanda 10%, mfumuko wa bei ni 6%, mbona hali ni ngumu?

Kwa sababu hiyo 6% ni ya kapu la taifa zima (orodha ya bidhaa na huduma zinazotumika kupima bei), si la nyumba yako. Kapu rasmi hufuata jumla ya matumizi ya nchi, kwa hiyo wenye kutumia zaidi ndio wanaolivuta upande wao. Tuseme chakula kimepanda 15% na vingine vyote 2%. Kama chakula ni 30% ya kapu rasmi, mfumuko ni 5.9%. Kaya ya kipato cha chini ikitumia 60% kwa chakula, mfumuko wake ni (0.6 × 15) + (0.4 × 2) = 9.8%. Nyongeza karibu yote imemezwa, na hapo makato hatujayagusa.

Piga hesabu yako mwenyewe. Andika matumizi ya mwezi mzima, yagawe kwa mafungu (chakula, kodi ya nyumba, nauli, nishati, ada), tafuta asilimia ya kila fungu, kisha zidisha kwa kiwango ambacho bei zake zimepanda na ujumlishe. Linganisha bei na za mwezi uleule wa mwaka jana, si mwezi uliopita, maana bei za mazao huenda na msimu.

Wengi hukosea kwenye vipimo. Muuzaji anaweza kuacha bei ileile na kupunguza ujazo, kwa hiyo andika bei kwa kilo au lita. Na anayenunua kidogo kidogo kila siku kwa kawaida hulipa zaidi kwa kilo, jambo ambalo wastani wa taifa hauonyeshi vizuri.