Injini imenoki, na Baba amelifunika gari turubai

Shikamoo, Shangazi. Ninaishi na wazazi wangu Columbus, Ohio. Kwa miaka mitatu mimi na Baba tumekuwa tukifufua gari la zamani, Chevrolet Chevelle ya 1969 yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 350. Injini aliisuka Baba mwenyewe, akaweka kamshafti mpya, ule ufito wenye nundu unaofungua valvu, na tapeti mpya zinazosukumwa na nundu hizo. Siku ya kuiwasha tulialika ndugu na majirani, na simu yangu ilikuwa hewani kwa jamaa wa Tanga. Kabureta ilikuwa kavu, tukapiga stata muda mrefu. Ilipowaka nikamwomba Baba aiache ingurume taratibu ili isikike vizuri kwenye video. Baada ya dakika kumi hivi ikaanza kugonga, ikaisha nguvu, ikazima. Tulipokata filta ya oili tulikuta chenga za chuma. Baba akalifunika gari turubai. Huu ni mwezi wa nne hajaingia gereji, na nikigusia habari hiyo anabadilisha mazungumzo. Kaka anasema tuliuze. Mimi nina akiba, nataka nimnunulie injini mpya kimyakimya iwe zawadi. Nifanyeje?
Binti wa fundi

Marahaba, mwanangu. Injini mpya usinunue, wala gari lisiuzwe sasa. Kazi ya mikono ya baba yako ilikufa mbele ya ndugu, majirani na watu wa Tanga. Ukimletea injini ya kiwandani ndani ya sanduku, atasikia kwamba kazi ile haikustahili kurudiwa. Na mnunuzi anayekuta injini imenoki hukata bei kana kwamba injini haipo kabisa.

Tena kuna namba. Mbele ya bloku upande wa kulia, chini kidogo ya silinda hedi, pana sehemu bapa iliyogongwa herufi na tarakimu. Sehemu ya namba ya chasisi hugongwa hapo au karibu na filta ya oili. Ikilingana na ile ya kwenye dashibodi, bloku hiyo ndiyo iliyozaliwa na gari, na wapenzi wa Chevelle huithamini mno. Ipige picha leo. Bloku ikienda kwa fundi wa mashine, mwambieni asiuchonge uso wa juu bila kuwauliza, maana namba hufutika.

Kilichowapata kimewapata mafundi wengi wazoefu, na dalili zako zote zinaelekea huko: kamshafti imelika. Injini hii ina tapeti 16 za kitako bapa, kila moja juu ya nundu yake. Kwa macho kitako ni bapa, lakini kimevimba kidogo sana katikati, na nundu imechongwa kwa mteremko mdogo, ili tapeti ijizungushe inapopanda na kushuka. Isipozunguka husugua mahali pamoja, na ngozi ngumu ya nundu huisha kwa dakika chache. Nundu hizo huloweshwa zaidi na oili inayorushwa na krankishafti, yule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Stata ikipigwa kwa muda mrefu, pasta ya kulainishia inafutika ilhali oili bado hairushwi. Na injini ikinguruma taratibu, inayorushwa haitoshi. Kisha kuna oili yenyewe. Tangu daraja la ubora wa oili liitwalo SM la mwaka 2004, fosforasi katika oili nyepesi za magari ya petroli ina kikomo cha sehemu 800 kwa milioni, ili kulinda kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Zinki inayokwenda pamoja na fosforasi hiyo ndiyo iliyokuwa ngao ya tapeti za zamani.

Kwa hiyo video ilichangia, sitakuficha. Kabureta kavu ilichangia pia, na huenda oili au springi ngumu za valvu. Wewe omba radhi kwa fungu lako tu. Mwambie mkiwa wawili, si mezani mbele ya mama na kaka: “Baba, siku ile nilikuharakisha. Nisamehe.” Kisha nyamaza. Usimwombe arudi gereji siku hiyo, wala usimweleze mambo ya zinki. Mzazi akiombwa radhi na kufundishwa kwa pumzi moja, hubaki na lile somo tu.

Zikipita siku kadhaa, toa turubai mwenyewe, fungua kava za valvu, toa plagi zote, halafu mwite akusaidie kupima. Ni kazi ya watu wawili kweli. Mmoja anazungusha injini kwa spana kwenye boliti ya mbele ya krankishafti, mwingine anasoma saa ya kupimia mwinuko, ile geji ya mshale, iliyosimamishwa juu ya pushirodi (ufito unaosukumwa na tapeti), roka (mkono unaobonyeza valvu) ikiwa imelegezwa na kusogezwa pembeni. Kamshafti ya kawaida ya 350 huinua inchi 0.260 upande wa kuingiza na 0.273 upande wa kutoa. Kama mlinunua ya aina nyingine, fuateni kadi iliyokuja nayo. Nundu iliyolika itajitaja yenyewe. Baba asome, wewe uandike zote 16. Akiisha kuziona, mwache yeye aseme kinachofuata.

Akisema mbadilishe kamshafti na tapeti peke yake, hapo umbishie kwa adabu. Pampu huvuta oili kabla haijapita kwenye filta, na oili ikiwa baridi na nzito, valvu ya kuikwepa filta hufunguka na kuipitisha bila kuchujwa. Chuma kimeshafika kwenye beringi na kuzama ndani yake. Injini ishushwe, ifumuliwe yote. Nunueni beringi kuu 5, za rodi 8, za kamshafti 5, na pampu mpya. Krankishafti ipimwe na pistoni zikaguliwe mikwaruzo. Toeni vizibo vyote vya njia za oili, pamoja na vile vitatu vidogo vilivyojificha nyuma ya gia ya taimingi, ambavyo wengi huviacha. Sugueni kwa brashi ndefu, maji ya moto na sabuni, hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, halafu mpake oili papo hapo kabla kutu haijaanza.

Hapa ndipo akiba yako ina kazi, Baba akikubali. Kuna kamshafti ya tapeti za rola, zenye kigurudumu chini, isiyohitaji kuzoeshwa kwa uangalifu huu siku ya kuwashwa. Ni ghali, na hudai pushirodi fupi zaidi, kizuizi cha kamshafti isitembee mbele, na gia ya distribyuta (kigawa umeme wa plagi) inayopatana na chuma chake. Akipenda kubaki na kitako bapa, heshimu hilo. Hufanya kazi vizuri ikiwashwa ipasavyo. Tapeti ziwe mpya zote.

Siku ya kuwasha asialikwe mtu, na simu izimwe. Sukumeni gari nje, moshi wa nusu saa ndani ya gereji unaua. Nundu na vitako vipakwe pasta ya molibdeni wakati wa kufunga. Wekeni kwati 5 (lita 4.7 hivi) za oili ya kuzoeshea injini mpya, filta ikiwemo, yenye zinki ya sehemu 1,200 kwa milioni au zaidi. Toeni distribyuta, mzungushe pampu ya oili kupitia tundu lake kwa drili kuelekea mishale ya saa mpaka oili itoke kwenye roka zote 16, huku mkigeuza krankishafti robo robo. Kifaa cha kuzungushia kiwe na mwili kama wa distribyuta; fito tupu huvujisha oili pale pale na kuacha tapeti za upande wa kulia kavu. Rejeta ijazwe. Petroli imiminwe kabureta kupitia tundu la kupumulia. Taimingi ya cheche ianzie digrii 10 hivi kabla ya pistoni namba 1 kufika juu, ikiwa kwenye mgandamizo.

Ikiwaka, Baba aipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, kisha aipandishe na kuishusha kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika 30. Wewe usitoe macho kwenye geji za oili na joto. Ikichemka au presha ya oili ikishuka, zimeni, ipoe, mwendelee na dakika zilizobaki. Halafu mwageni oili ingali moto na mkate filta. Kijivu kidogo cha pasta ni kawaida. Chenga zinazong'aa si kawaida.

Filta ikiwa safi, mpe Baba simu apige Tanga mwenyewe.