Fundi, mlango wa boksi la mjusi niweke kioo au pleksi?

SWALI: Fundi salama? Niko Leicester huku, mwanangu katusumbua mpaka tumemchukulia mjusi, yule dragoni wa Australia mwenye miba kidevuni. Mume wangu anamjengea boksi la plaiwudi, sentimita 120 kwa 60 kwa 60, mbele milango miwili ya kuslaidi. Yeye anataka pleksi, ile plastiki angavu kama kioo, eti nyepesi na mtoto hatajikata, mi naona kioo. Alafu taa zake tukizifunga nje zikamulika kupitia kioo si sawa tu? Mama Nasra.

JIBU: Salama dada. Kwenye milango niko upande wako, weka kioo, ila kiwe cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa moto, milimita 4. Shemeji kwenye uzito hajakosea, kioo cha unene huo ni kama kilo 10 kwa mita ya mraba na pleksi haifiki hata 5, lakini kila mlango wenu ni kipande kidogo, kilo tatu na kitu, mtoto anausukuma bila shida.

Tatizo la pleksi ni joto. Huyo mjusi pale anapoota joto anataka nyuzi 38 mpaka 42 hivi, na nje sebuleni kwenu baridi ya Uingereza mnaijua wenyewe, sasa pleksi ikipata joto upande mmoja inatanuka upande huo inaanza kupinda, na ikipanda nyuzi 20 kipande cha sentimita 60 kinaongezeka karibu milimita nzima wakati kioo hakifiki hata robo ya hapo. Mlango ukishapinda ama unakwama kwenye reli ama unaacha mwanya, na nyenje mliowaweka wawe chakula wanatokea hapo hapo, mtawasikia usiku chini ya kochi. Bado makucha yake, nayo yanaikwaruza. Na mchanga ukiwa kwenye kitambaa mnachofutia, baada ya muda pleksi inakuwa na ukungu wa mikwaruzo, tena ukiipulizia dawa ya vioo yenye amonia inapasuka vinyufa vidogo vidogo. Polikaboneti, ile plastiki angavu nyingine, ndio kabisa, ukiigonga kwa nyundo haivunjiki lakini inachubuka kuliko hata pleksi.

Kioo cha kawaida nacho sikushauri, taa ikikipasha sehemu moja kinaweza kupasuka, na kikivunjika kinatoa vipande kama visu. Cha tempa kinastahimili joto hilo vizuri, na kikivunjika kinasagika punje punje. Angalia kwenye kona kuna mhuri mdogo, usipouona usilipe.

Taa usifunge nje! Hiyo ya UVB, ile inayotoa mionzi isiyoonekana kama ya jua, mionzi yake karibu yote inaishia kwenye kioo, iwe pleksi au polikaboneti ni yale yale, mwanga utauona lakini mjusi hatengenezi vitamini D3, kalsiamu haishiki na mifupa inalegea. Ifungwe ndani, na ile ya joto iwekewe kizuizi cha waya asije akairukia.

Pleksi kama shemeji kashainunua itumieni kidirisha cha pembeni upande wa baridi, mashimo ya skrubu yawe makubwa kuliko skrubu yenyewe ipate pa kutanukia.

Mwisho, reli zifungwe kwanza ndio mpime, kwa sababu kioo kikishapigwa tempa hakikatwi tena. Reli yenye mfereji wa kina kirefu inakaa juu, ile fupi chini, ili mlango uuinue uingie juu kisha uushushe ukae.