Kabla hujaunga kipozeo cha maji kwenye mashine ya TIG

Ukianza kuchomelea alumini nene kwa TIG (uchomeleaji wa ncha ya tangsteni na gesi), rimu za magari au vichwa vya injini, tochi inayopozwa kwa hewa inakushinda mapema. Tochi ya hewa aina ya WP-17 ni ya ampea 150, WP-26 ni ya 200. WP-18 ya maji hufika 350, na ni nyepesi mkononi. Ndipo fundi ananunua kipozeo: tenki, pampu, feni, waya wa umeme, na mara nyingi plagi ndogo ya pini mbili ambayo wengi huiacha inaning'inia. Nitaifikia hiyo plagi. Kwanza umeme.

Mashine nyingi kubwa ni za njia tatu, volti 400. Kipozeo kwa kawaida ni cha njia moja, volti 230. Fungua plagi ya mashine na mara nyingi utakuta laivu tatu (nyaya zenye umeme) na ethi, basi. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, haipo kwa sababu mashine haiihitaji, ila pampu inaitaka. Wapo wanaochukua laivu mbili. Pampu inapigwa volti 400 na koili inaungua. Hiyo ni hasara ya pesa. Wanaonitia hofu ni wanaochukua laivu moja na kuigeuza ethi kuwa nyutro. Pampu inazunguka vizuri kabisa, kila mtu anafurahi. Siku waya wa ethi ukikatika kwenye plagi, umeme unaopita kwenye pampu unaishia kwenye bati la nje la mashine, nawe umesimama kwenye sakafu iliyolowa, glavu zimejaa jasho. Breka ya uvujaji ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja, ingeruka tangu siku ya kwanza, ndiyo maana wanaofunga hivi huiondoa. Ukiambiwa breka hiyo iliondolewa kwa sababu "inasumbua", kagua nyaya kabla hujagusa kitu.

Ninachoshauri ni kukipa kipozeo laini yake kutoka kwenye bodi ya umeme: waya wenye nyaya tatu ndani (koa tatu) wa milimita za mraba 1.5, breka yake ndogo, breka ya uvujaji, na ethi inayofika kwenye bati la kipozeo. Kwa Tanzania, kazi ya kwenye bodi mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mashine nyingine zina soketi nyuma. Usiichomeke pampu kwa kuangalia umbo la soketi tu. Zipo za volti 36 kwa ajili ya kupasha joto gesi ya CO2, na zipo za volti 380. Soma kibati, kisha pima kwa mita.

Na kama ni lazima ufungue mashine yenyewe, chomoa kabisa, kuzima swichi hakutoshi. Kapasita za inveta hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine, kisha pima kabla ya kuingiza mkono.

Sasa ile plagi ya pini mbili. Laini mbili tofauti maana yake mashine inaweza kuwaka huku pampu imelala. Ndani ya tochi ya maji, waya wa shaba unaobeba umeme ni mwembamba kwa sababu unapita ndani ya mpira wa maji yanayorudi. Maji yakikosekana kwenye ampea kubwa, unaungua haraka sana. Plagi ile inatoka kwenye swichi ya mtiririko, na kazi yake ni kuizuia mashine isiwashe moto wa kuchomelea kama maji hayatembei. Haipitishi umeme wa pampu, kwa hiyo usiilishe volti 230. Iunge kwenye tundu lake la mashine, nyaya zake zipite mbali na kebo ya tochi, maana moto wa kuanzia wa masafa ya juu huvuruga nyaya za jirani. Usiipige jampa, yaani usiunganishe pini zake mbili kwa waya ili kuidanganya mashine. Kama paneli ina swichi ya kuchagua hewa au maji, iweke kwenye maji; ikiwa kwenye hewa, mashine nyingi haziusikilizi ulinzi huo.

Maji ya kisima cha Dar es Salaam mara nyingi yana chumvi. Yanapitisha umeme na kula shaba. Kulanti (kimiminika cha kupozea) ya gari pia hapana. Tumia kulanti ya tochi, au ukikosa, maji safi ya betri yaliyokenekwa, siyo asidi.

Usianze na kazi ya mteja. Weka ncha ya tochi mbali na chuma, zima kipozeo, washa mashine, bonyeza swichi ya tochi: lazima igome na taa ya hitilafu iwake. Kisha washa pampu, maji yazunguke mpaka hewa iishe, ubane mpira wa bluu wa kupeleka maji. Baada ya muda mfupi igome tena. Usibane ule wenye shaba ndani. Ikikubali kuwasha moto katika jaribio lolote, chomoa urudi kwenye nyaya za swichi ya mtiririko. Ikigoma mara zote mbili, anza kazi, na ukimaliza iache pampu izunguke dakika chache kabla ya kuizima.